Yai Juu ya Miguu

Ujumbe wa sauti ulinikuta Kasumbalesa, mpakani, nikiwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu la mtu nisiyemjua. Nilikuwa nasubiri lori ambalo dereva wake aliahidi kuondoka asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilibana simu sikioni ili honi zisinizidi. Alikuwa Exaucée, mtoto wa zamani aliyezoea kuniita Tantine, yaani shangazi, mwanamke mzima sasa, mwenye watoto wake, lakini bado ana ile sauti ya kusema kidogo na kunyamaza sana. “Tantine, Chui alilala. Kuya.” Basi. Mtu mwingine angedhani ni kichekesho au ni ujumbe uliopotea njia. Mimi nilielewa kwamba Madame Mwewa, mwalimu wa watoto wadogo wa mtaa wa Panda, mtu wa ukoo wa Chui, amefariki, na kwamba naitwa Likasi kumzika. Ilikuwa msimu wa baridi, ule wa asubuhi ambazo pumzi inaonekana mdomoni kama moshi. Nikafikiri, hata kabla ya kulia, kwamba hakuweza kuchagua majira mengine: hii ndiyo hali ya hewa ya pengwini.

Sina desturi ya kurudi mahali. Niliacha shule baada ya mwaka wa tano wa msingi, na sababu zake pamoja na habari za wazazi wangu naziacha hapo zilipo, hazitusaidii hapa. Tangu siku ile miguu yangu haijakubali kukaa. Nimeuza chumvi Kolwezi, nywele za bandia Lubumbashi, betri vijijini ambako hakuna redio. Nimelala katika nyumba nyingi hata siku hizi nikiamka naangalia dari kwanza ili nijue niko wapi. Lakini kuna mwaka mmoja niliokaa, mwanzo hadi mwisho, katika chumba kimoja. Watu wakiniuliza nilisomea wapi, huwa nawatajia chumba hicho, ingawa waliokuwa wanasoma mle walikuwa na miaka minne na mitano na mimi ndiye niliyekuwa nafagia.

Mwaka ule nilikuwa nauza samaki. Nilikuwa nawachukua Kapolowe, wakavu, wenye harufu ya moshi, na kuwapeleka soko la Likasi. Karatasi ya kufungia nilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza vitabu kwa uzito, kama mihogo. Siku moja alinipa kitabu kinene kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, cha Kifaransa, juu ya wanyama wa dunia nzima. Nilichana ukurasa wa kwanza nikafunga samaki. Nilichana wa pili, mkono ukasimama. Palikuwa na mnyama mwenye mfuko tumboni, na ndani ya mfuko kichwa cha mtoto wake kinachungulia kama mtu anayechungulia dirishani kuona nani amebisha. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno, wateja wakinifokea. Nikasoma tena. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna kiumbe kama hicho juu ya ardhi hii hii ninayoikanyaga. Nakumbuka niliona haya kidogo, kama mtu aliyeishi katika nyumba miaka mingi bila kujua ina vyumba vingine.

Mwanamke aliyenunua samaki wa ule ukurasa wa kwanza alirudi kesho yake. Alikuwa mfupi, mnene, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka, na mkononi alishika karatasi yenye mafuta. “Ni weye uliniuzisha hii?” Nikadhani samaki walikuwa wameoza. Nikaanza kujitetea. “Samaki tulishakula,” alisema. “Minye nauliza hii ndege. Angalia. Anasimama sawa padri wa misa, na koti nyeusi. Uko na ingine?” Nikamwonyesha kitabu chote. Alikaa chini palepale, katikati ya maganda ya vitunguu, akafungua kurasa na kusema “Yesu!” kila mara, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula. Mwishowe akaniangalia. “Unajua kusoma?” Nikasema kidogo. “Kidogo inatosha. Kesho usiuze. Kuya ku Panda, ulete banyama yako.”

Huyo ndiye Madame Mwewa. Shule yake ilikuwa banda la gari la nyumba moja ya zamani ya kampuni ya madini, katika kambi za wafanyakazi. Gari halikuwepo tena, na kampuni yenyewe ilikuwa imebaki kama mzee anayekumbuka nguvu zake. Sakafu ilikuwa na doa kubwa la oili ambalo watoto walikuwa wanaliita ziwa, na walilizunguka badala ya kulikanyaga. Kulikuwa na mkeka, ubao uliopasuka, mbabula, lile jiko la makaa, kwenye pembe, na sufuria ya uji. Saa nne kila mtoto alipata uji kwenye kikombe cha bati. Mchana, watoto wakishaondoka, tulikula bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo, mimi na Madame, sahani moja, na hapo ndipo nilipojifunza mambo mengi zaidi, kwa sababu Madame alikuwa mtu wa kuuliza mdomo ukiwa umejaa. “Kwa hiyo ile ndege iko na bawa lakini hairukake? Sasa Mungu alimupatia ya nini? Soma tena.” Nilisoma tena. Kila jibu la kitabu lilimfanya aache tonge hewani.

Inabidi niseme juu ya koo, maana bila hilo mwaka ule haueleweki. Kwa watu wa upande wa Madame, Wabemba na Walamba na majirani zao, kila mtu anazaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, na koo nyingi zina jina la mnyama au la kitu: Chui, Mbuzi, Mamba, Samaki, Uyoga, Mvua. Chui anakula mbuzi, kwa hiyo watu wa Chui na watu wa Mbuzi ni watani. Wanatukanana barabarani, wananyang’anyana kofia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Na mmoja akifa, ni mtani wake anayefanya kazi za kilio, anayemdhihaki maiti ili wafiwa wapate kucheka, anayehakikisha anazikwa vizuri. Siku moja Madame aliwauliza watoto kila mmoja ni mnyama gani. Baadhi walijibu kwa kelele. Wengine, ambao baba na mama walitoka Kasai au mbali zaidi, hawakuwa na mnyama. Na msichana mmoja mdogo mwenye macho makubwa, aliyekaa karibu na mlango, alisema, “Minye sijue. Maman njo anajua.” Alikuwa Exaucée. Mama yake alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia kufanya biashara, miezi imepita, na hakuna habari. Baba yake, Papa Musonda, alikuwa mchimbaji huko Kambove, mmoja wa wale wanaoshuka shimoni kwa kamba na tochi. Shangazi yake, Maman Régine, ndiye aliyemleta shuleni na kumchukua.

Madame alifikiri kidogo, kijiko cha uji mkononi. Halafu akanigeukia. “Leta kitabu. Hapa hakuna mutoto atakosa munyama. Lakini itoke mbali, fasi hakuna muntu mu Likasi anaweza kusema ni yake.” Ndivyo tulivyoanza. Kila mtoto alichagua mnyama wa nchi nyingine, na kila mnyama ilibidi atengenezwe, kwa sababu Madame alisema huwezi kuwa mtu wa ukoo wa kitu ambacho hujakishika. Tuliomba mifuko mitupu ya saruji, tukailowesha, tukaibandika kwa gundi ya unga wa muhogo juu ya mifupa ya waya. Udongo wa kichuguu ulitupa pua na kwato. Vizibo vya chupa vikawa macho. Madame mwenyewe alisaga mawe ya kijani, yale ya shaba ambayo watoto wa huku wanayaokota kama wengine wanavyookota kokoto, na tukapata chura wa Amerika wa kijani ambacho sijakiona tena popote. Mvulana mmoja, Dieumerci, mwenye mdomo usiofungwa, alichagua kangaruu, na akamtia kwenye mfuko wake kila kitu alichopenda: kiazi, msumari, siku moja kifaranga hai.

Hatukujua ukubwa wao. Kitabu kilikuwa na picha, na katika picha chura na tembo wanalingana. Kwa hiyo nyangumi wetu wa kwanza alikuwa wa kukaa ndani ya sufuria, mzuri, amepakwa masizi. Nilipofika mwisho wa ukurasa wake nikakuta vipimo, nikadhani nimesoma vibaya. Nilimsomea Madame. Akaniambia nisome tena. Halafu akachukua uzi wake wa kushonea na rula ya ubaoni, tukakata uzi wa urefu ule, tukautoa nje na watoto wote hadi kwenye reli, ambako mabehewa ya zamani yalikuwa yamesimama katika majani. Dieumerci alishika mwanzo wa uzi kwenye pua ya behewa la kwanza. Mimi nikatembea na mwisho wake. Nilipita behewa zima, nikapita kiungio, nikapita behewa la pili, na uzi bado ulikuwa unaning’inia mkononi mwangu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye majani. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa sauti ya kanisani, “Na eko anaogeleaka?” Nikasema ndiyo. “Sasa hivi? Leo?” Nikasema ndiyo, sasa hivi, mahali fulani, hata tukiwa hapa. Exaucée aliweka kiganja chake juu ya chuma cha behewa, taratibu, kama mtu anayegusa ubavu wa mnyama aliyelala. Nimeona mambo mengi tangu hapo. Nimeona bahari yenyewe, pale Dar es Salaam, na ilikuwa kubwa. Lakini niliposimama mbele yake nilichotafuta ni mabehewa mawili yenye kutu, ili nijue naangalia nini.

Watoto ndio waliogundua tatizo ambalo sisi wakubwa hatukuliona. Siku moja Dieumerci alitafuta mtani wa kumtukana, akakumbuka kwamba kangaruu hana mtani. “Madame, nani anakulaka kangaruu?” Madame hakujua. “Sasa akikufa, nani atamuzika?” Chumba kizima kilishtuka. Ilikuwa kweli: tulikuwa tumejaza banda wanyama ambao hakuna wa kuwazika. Wiki ile nzima nilikuwa nasoma kutafuta nani anamla nani, huku watoto wamenizunguka kama familia inayosubiri daktari. Kangaruu alipata mbwa mwitu wa nchi yake. Chura alipata nyoka. Pengwini, aliyekuwa amechaguliwa na Exaucée, alipata mnyama wa majini mwenye madoa ambaye Kifaransa kinamwita chui wa bahari. Madame aliinuka kwenye kiti. “Chui? Njo minye hiyo!” Akamkimbiza Exaucée kuzunguka ziwa la oili akinguruma, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtoto yule anacheka kwa sauti.

Baridi ilipoingia niliwasomea ukurasa wa pengwini, ule wenye mafuta ya samaki. Milango ya banda haikufunga vizuri, watoto walikuwa wamebanana kwenye mbabula, na pumzi zao zilionekana. Nilisoma kwamba kuna nchi ya barafu ambako hakuna hata jani moja. Mama pengwini anataga yai moja, analipitisha kwa baba, miguu kwa miguu, kwa uangalifu, maana likigusa barafu limekufa. Halafu mama anaondoka kwenda mbali, kwenye maji, kutafuta chakula. Baba anabaki amesimama gizani, yai juu ya miguu yake, limefunikwa na ngozi ya tumbo, na hali kitu. Mababa wote wanasimama pamoja, wamebanana, migongo kwa upepo, kimya. Exaucée akaniuliza, “Na mama, anarudiaka?” Niliangalia kitabu, ingawa jibu nililijua. “Anarudi. Analeta chakula.” “Anajuaka fasi baba eko?” Nikasoma mstari mwingine. “Anamjua kwa sauti.” Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata bei aliyokuwa anaitarajia, akaenda kwenye pembe, akatengeneza yai la karatasi ya saruji. Alilisugua kwa kiganja mpaka likawa laini.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye bomba la maji la kambi, nimepanga ndoo yangu, nikasikia wanawake wawili wanazungumza mbele yangu. “Mutoto ya Musonda, ulisikia? Balimufunga miguu.” “Nani alimufunga?” “Sijue. Anatembea hivi, miguu pamoja, sawa muntu eko na kamba. Ku nyumba, ku njia, hata ku choo. Ukimuuliza, hasemi kintu. Maman Régine analia tu.” “Ni zile sanamu.” “Njo vile. Banasema ziko na macho. Muchungaji alisema leo bamupandishe ku mulima, bafunge naye, bila kula, bila mayi, mpaka kamba ikatike.” Niliacha ndoo. Mtoto wa miaka mitano, mlimani, katika baridi ile, bila chakula wala maji. Nilikimbia hadi shuleni nikiwa sina viatu vya kukimbilia, na njiani nilielewa kila kitu, na kuelewa kulinitia hofu zaidi. Mtoto alikuwa amebeba yai, na sisi shuleni tulidhani anacheza tu. Hakusema kwa sababu nilisoma kwamba wanasimama kimya.

Walinitangulia kufika. Nilipofika, Papa Musonda alikuwa tayari amesimama mlangoni mwa banda, vumbi jekundu la Kambove hadi kwenye nyusi, buti za mpira miguuni, na Maman Régine nyuma yake ameshika Biblia kifuani. Watoto walikuwa na vikombe vya uji mikononi na hakuna aliyekunywa. Alikuwa mtu mrefu, na nadhani hakuwa amelala. “Nani alifunga miguu ya mutoto yangu?” aliuliza. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. “Leo hizi bintu zitaungua. Zote. Na mutoto hatarudia hapa.” Macho yake yalikwenda ukutani, kwenye kangaruu, chura, mamba wa mto wa mbali, nyangumi mdogo wa sufuria, vizibo vya chupa vikimrudishia mwanga wa mlango. Niliona jinsi walivyoonekana kwa mtu aliyetoka shimoni. Hata mimi niliwaogopa kidogo.

Madame Mwewa alijaza kikombe cha uji, akakikoroga, akampelekea. “Papa Musonda, mama yako alikuwa wa ukoo gani?” Alisita. “Hiyo niliacha, Maman. Siku hizi niko mu maombi.” “Sikuuliza uliacha nini. Nauliza mama yako.” “Mbuji,” alisema, chini chini. Mwanamke yule mfupi akacheka kwa kicheko chake kirefu. “Aa! Mbuji anakuya kulia mu nyumba ya Chui! Na anasimama ku mulango, hata haogope! Ndevu yenyewe, angalia! Kunywa uji, weye kitoweo, nikukule ukiwa munene.” Mtani hawezi kukasirika. Hata aliyeacha mila hiyo anaikumbuka mwilini. Niliona pembe ya mdomo wa Papa Musonda ikipigana na uso mwingine wote. “Maman, niliacha,” alisema tena. “Weye uliacha Chui. Chui hakukuacha.” Akapokea kikombe. Maman Régine akasema kwa ukali, “Kaka, haiko kintu ya kucheka. Bantu ya maombi banatungojea.” Na alikuwa na haki, maana Exaucée alikuwa anatoka nyuma ya ubao, polepole, miguu pamoja, akisogea kidogo kidogo juu ya saruji, macho chini. Baba yake aliweka kikombe chini.

Alichuchumaa. “Exaucée. Tembea muzuri, mama. Tembea uone papa.” Mtoto akatikisa kichwa. Madame hakumgusa. Aliniambia, “Soma.” Nikachukua ukurasa. Herufi zilikuwa zinaruka kama dagaa, lakini nilisoma, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, neno kwa neno: barafu, yai, mama anaondoka kwenda majini, baba anabaki. Nilipofika pale baba hali kitu, Papa Musonda aliinua mkono nisimame. “Hakulake?” “Hali.” “Siku yote hiyo?” “Mpaka mama arudi.” Nilijua, kambi nzima ilijua, kwamba mara nyingi alikuwa anarudi kutoka Kambove na chakula cha mtu mmoja, na kwamba mtu huyo hakuwa yeye. Kisha akainama zaidi, akainua kidogo pindo la gauni la binti yake. Yai la karatasi lilikuwa pale, juu ya vidole vyake viwili vikubwa, limekaa sawa.

“Mu hii yai, ndani ni nani?” aliuliza. Exaucée alifikiri kama anaweza kusema bila yai kuanguka. “Ni minye.” “Na weye ni nani?” “Minye ni papa.” Halafu mtoto akaendelea, kwa sauti ile ya chini, kama anaeleza jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua: “Weye unaendaka mu shimo. Mu shimo hauwezi kuishika, itapasuka. Minye nakushikia. Ukirudia nakurudishia.”

Nimeishi nikijaribu kueleza kile nilichokiona kwenye uso wa mtu yule na sijaweza. Hakulia. Alikaa kwenye sakafu, akavua buti moja, kisha nyingine. Ndani hakukuwa na soksi, miguu ilikuwa na makovu meupe ya mawe. Akasimama mbele ya binti yake, vidole kwa vidole. “Bon. Nilirudia. Nipatie.” Exaucée alisogea, akainamisha vidole, na wote wawili wakakunja magoti, na yai likapita kutoka miguu midogo hadi mikubwa bila kugusa saruji. Ndipo Dieumerci aliposhindwa kujizuia: “Papa Musonda! Sasa tembea!” Na mtu yule mrefu, mtu wa maombi, mtu wa shimo, alikwenda kutoka mkeka hadi mlangoni kwa hatua za nusu shubiri, mikono imebanwa ubavuni, na watoto wote nyuma yake wamebana miguu, na Madame nyuma yao akinguruma kwamba atawatafuna wote. Maman Régine alitoka nje. Nilidhani ameondoka kuita watu. Alikuwa amesimama uani, shela mdomoni, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni maombi au ni kicheko. Mlimani hawakupanda. Lakini sitaki kusema kwamba Maman Régine aliwapenda wale wanyama. Mpaka mwisho wa mwaka, akija kumchukua mtoto, Dieumerci alimgeuza kangaruu aangalie ukuta, kwa heshima.

Mama yake Exaucée alirudi mvua zilipoanza, amekonda, na begi moja. Sijui alipitia nini na haikuwa kazi yangu kuuliza. Mtoto hakukimbia wala hakushangaa. Alimwangalia kutoka mlangoni na kusema, “Ulileta samaki?” Mama hakuelewa kwa nini wote tulilia. Alikuwa wa ukoo wa Mvua, kumbe, na Exaucée akawa na jina lake la kweli, lakini hakumwacha pengwini. Alisema mtu anaweza kuwa wa koo mbili kama ana miguu miwili. Baadaye mama aliondoka tena, akarudi tena. Ndivyo maisha yao yalivyokuwa. Mimi mwenyewe niliondoka mwaka ulipoisha. Hakuna aliyenifukuza, miguu ilianza tu. Nilimwachia Madame kitabu na sikuaga vizuri, kwa sababu sijui kuaga.

Lori la Kasumbalesa lilinifikisha Likasi asubuhi, baridi imekaza, nikakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba na watu wamejaa. Nilisikia matusi kabla ya kuona jeneza. “Chui! Miaka yote ulisema utanikula! Leo meno iko wapi? Mbuji eko muzima, anakunywa munkoyo yako!” Alikuwa Papa Musonda. Amezeeka, kifua chake kinapiga filimbi, vumbi la shimo halijamtoka na halitamtoka. Mtu ambaye alikuwa ameacha mila alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha marehemu, akidai chakula kwa wafiwa, akiwakataza kulia bila ruhusa yake, akifanya kila kitu ambacho mtani anapaswa kufanya. Maman Régine, mzee pia, alikuwa pembeni anapanga viti, na hakumkemea. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamekuja, wanaume wenye ndevu na wanawake wenye watoto mgongoni, na niliwasikia wakipigana kwa maneno kwenye foleni ya chai: “Ondoka, kangaruu, toa hiyo mufuko yako hapa!” “Weye chura, kunyamaza, nyoka eko wapi akukule?” Watoto wao walisikiliza kama vile hayo ni matusi ya zamani za mababu. Dieumerci alikuwa na tumbo kubwa na alikuwa mmoja wa wabebaji. Hakuna mtu aliyeona ajabu. Mimi peke yangu, mgeni wa kila mahali, nilisimama nikifikiri: hii tuliitengeneza kwa unga wa muhogo.

Jeneza lilipoinuliwa, Papa Musonda aliwazuia wabebaji kwa mkono. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu. Exaucée alitoka katikati ya watu na yai la karatasi ya saruji, jipya, limesuguliwa laini, akapiga magoti akaliweka juu ya miguu ya baba yake. Mzee akasimama. Akabana mikono ubavuni, akatangulia mbele ya jeneza, nusu shubiri, nusu shubiri, na msafara wote ukalazimika kufuata mwendo wake: wabebaji, wanakwaya, watu wa maombi, majirani waliokuja kutazama tu. Barabara ya Panda ilijaa watu waliobanana, migongo kwa upepo, pumzi zao nyeupe, kimya. Nilikuwa nyuma kidogo na nilitaka kupita pembeni niende mbele, kama nilivyozoea. Papa Musonda aligeuza kichwa bila kugeuza mwili, akaniona.

“Polepole, Tantine,” alisema. “Iko yai.”

Nikaweka miguu yangu pamoja.